Meza Nane za Mkahawa: Mbinu za Kuandika Komedi ya Familia Kisiwani Pemba

Kuna mkahawa mmoja Chake Chake nisioutaja jina, kwa kuwa mwenyewe bado ananidai. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa pale nangojea chai. Kijana anayehudumia, mtoto wa mwenye mkahawa, akaulizwa na mteja kama supu ya pweza ipo. Akaitikia kwa bashasha: "Ipo, tena ya moto!" Nyuma ya pazia la jikoni ikatoka sauti ya mama yake: "Supu ipi?" Kijana kimya. Mteja kimya. Baba mtu, aliyekuwa akihesabu sarafu kwenye mtoto wa meza, akasema bila kuinua kichwa: "Ile aliyokunywa yeye." Mkahawa mzima ukaangua kicheko, na yule mteja naye akacheka, kisha akala maharagwe.

Maneno yaliyosemwa hayafiki kumi. Hakuna aliyejifunga mto tumboni, hakuna aliyejipaka unga usoni, hakuna aliyeteleza kwa ganda la ndizi. Kilichochekesha ni supu iliyokwisha, na watu watatu wa nyumba moja wanaojuana mno.

Nimelisimulia hilo kwa sababu vijana wa hapa Pemba wenye kamera, na wengine wenye simu tu, wananijia na swali lile lile: komedi ya televisheni ya familia yenye mkahawa inaandikwaje? Huja na vituko mkononi, ila mkahawa hawana. Wana mlevi, wana mganga, wana mzungu aliyepotea njia. Ukiwauliza mkahawa wao unafunguliwa saa ngapi, nani anakuna nazi na nani anashika fedha, wanatazamana. Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata yanauzunguka huo: ujenge mkahawa kwanza, uujue kama uijuavyo nyumba ya mama yako. Ukishasimama, vituko havitafutwi.

Kaa pale siku saba

Chagua mkahawa wa kweli, uwe Wete, Chake au Mkoani karibu na gati zinakofunga boti za kutoka Unguja. Kaa siku saba mfululizo, Ijumaa ikiwemo. Usimrekodi mtu kwa siri. Omba ruhusa, agiza chai, fungua daftari. Na katika daftari hilo usiandike vichekesho, andika saa. Mkaa unawashwa saa ngapi? Unga unakandwa na nani, na huyo anayekanda analalamikia nini? Andazi la mwisho linaondoka saa ngapi? Kitu gani kinakwisha kwanza? Hilo la mwisho liwekee mstari, maana ugomvi mwingi wa mkahawani huanzia kwenye sufuria tupu.

Andika nani anakaa wapi. Kila mkahawa una wazee wake wanaonunua kikombe kimoja cha kahawa na kukilinda mpaka adhuhuri. Hao ndio watazamaji wako walio ndani ya mchezo. Wanajua kila kitu, hawafanyi chochote, na wanatoa hukumu. Muongozaji asiye na fedha awapende wazee hawa, kwani hawahitaji mavazi wala kuhamishwa.

Ijumaa itakufunza zaidi ya siku nyingine zote. Adhana ikilia, wanaume wanakwenda msikitini. Mlango uko nusu wazi, sufuria la wali liko motoni, na kwa muda mkahawa unabaki mikononi mwa Mama na binti zake. Hapo yanasemwa yasiyosemwa wiki nzima. Ukikosa wazo, anzia Ijumaa saa sita na nusu.

Sikiliza pia namna watu wanavyodai. Mwenye mkahawa wangu hajawahi hata siku moja kutamka neno "deni" mbele yangu. Huniuliza hali, akauliza watoto, akauliza kama mvua huko kwetu imenyesha. Kisha hulitoa daftari lake la madeni, akalipuliza vumbi, akalifunga, akalirudisha. Mwandishi wa haraka angemwandikia mzee huyu mistari sita ya matusi. Pumzi moja ya kupuliza vumbi inatosha, na mwigizaji atakushukuru.

Halafu bahari. Pweza hapatikani kila siku kwa sababu wewe umemwandika. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana, miamba ikabaki wazi, na kina mama hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Siku za maji mafu, pweza huwa adimu. Mpemba akiona mkahawa wa kwenye televisheni una supu ya pweza siku zote thelathini, atajua mwandishi alikuwa Dar es Salaam.

Ugawe mkahawa kabla hujaandika mstari mmoja

Familia inayopatana haina komedi. Lakini ugomvi wa kelele nao huchosha kufikia sehemu ya tatu. Unatafuta ugomvi wenye hesabu, ambao kila upande una haki yake. Kwetu upo tayari, unaitwa mirathi.

Fanya hivi. Baba aliyefungua mkahawa kafariki. Kaacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Mkahawa una meza nane, na bado haujagawanywa. Kwa sheria ya Kiislamu mke mwenye watoto anapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume sehemu mbili kwa kila moja ya mwanamke. Sasa Mama, mtu wa kuchukua mambo kama yalivyo, anaamua kuwa thumuni yake ni meza ile ya mlangoni. Ni yake. Ananing'iniza kanga kwenye kiti. Haketi mtu pale bila idhini yake, hata mkahawa ukijaa mpaka barazani.

Zimebaki meza saba. Zigawe mara nne: kila fungu ni meza moja na robo tatu. Kaka ana meza tatu na nusu. Dada Mkubwa, anayeamka alfajiri, anayepika, anayeungua mikono, ana meza moja na robo tatu. Mdogo mtu naye hivyo hivyo, moja na robo tatu. Uone utamu wa hesabu hii: madada wawili wakiungana wanapata tatu na nusu, sawasawa na Kaka. Hakuna anayeshinda. Kila jambo, liwe kununua friji, kupandisha bei ya chapati au kumfukuza mhudumu mvivu, linaamuliwa na meza moja ya Mama. Kwa hiyo kila wiki pande mbili zinamwania Mama, na Mama anajua anawaniwa.

Hapo una injini ya miaka. Ila angalia: usiichezee shere sheria yenyewe. Watazamaji wako wanaiheshimu, na mgawo ule ni wa haki kwa wanaouamini. Kinachochekesha ni binadamu wanaoupeleka kwenye meza za mbao na kutaka kujua ile robo tatu ni upande gani wa meza. Mpe sheikh unayemwamini asome muswada kabla hujapiga picha.

Kaka mweke Maskati. Kuna nyumba nyingi Pemba zenye jamaa Oman, kwa hiyo hutakuwa na haja ya kueleza. Yeye haonekani kamwe. Ni sauti ya simu tu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Mwigizaji wake utamlipa kwa nusu siku. Na kwa kuwa Maskati wako mbele yetu kwa saa moja, yeye akiwa amekwisha kula cha mchana na kujinyoosha, huku ndiyo kwanza wateja wanamiminika. Basi hupiga simu saa ile ile, kila siku, kuuliza kama biashara ipo.

Wenzetu wa mbali wamepita njia hiyo ya kujenga familia na mahali kwanza, kwa namna yao. Katika Bob's Burgers ya Marekani, katuni iliyoanza Januari 2011, Bob, mkewe na watoto watatu wanaishi juu ya mkahawa wao, kodi imechelewa, na mshindani yuko ng'ambo ya barabara. Sehemu nyingi zinaanza pale pale. Kenya nako, watu walifungua KBC kutazama Vitimbi kwa ajili ya Mzee Ojwang na Mama Kayai, mume na mke. Kisa cha wiki kilikuwa kisingizio. Benson Wanjau aliyemwigiza Ojwang alifariki mwaka 2015, na bado watu wanamtaja kwa jina la mchezoni.

Uwe na daftari la madeni, na uwe na karafuu

Msimu mzima unahitaji uzi mmoja mrefu. Pemba uzi huo ni karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwa hiki, na zikishakauka huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC. Fedha haziingii kidogo kidogo, huja kwa msimu. Kabla ya msimu mkahawa unaendeshwa kwa ahadi: "Niandikie, tutaonana karafuu zikiiva." Msimu ukiingia, wadeni wanalipa, lakini mhudumu wako naye kakimbilia mikarafuuni, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa pishi na mwenye mikono myepesi hupata zaidi ya mshahara wa kubeba sahani. Kwa hiyo siku fedha zinapofika, wa kuhudumia hayupo. Dada Mkubwa yuko jikoni, Mdogo anabeba sahani sita, Mama amekaa kwenye thumuni yake akipokea salamu.

Daftari la madeni lifanye kama mwigizaji. Lipotee sehemu ya pili. Sehemu ya nne ligunduliwe kuwa Mama analo, na kwamba amekuwa akifuta majina ya anaowapenda. Sehemu ya tano Kaka adai lisomwe kwenye simu, jina moja moja, na jina la kwanza liwe la mkwe wake.

Mfano wa sehemu moja

Tuchukue tulichojenga tukione kikitembea. Kaka anapiga simu: mgeni wake, mzaliwa wa Kengeja aliyekaa Maskati miaka na miaka, anashuka leo Mkoani na atapita mkahawani kula mchana. Apikiwe pweza wa nazi. Dada Mkubwa anafungua mdomo kusema ni siku za maji mafu. Mdogo kamtangulia: "Yupo, tena wa leo!"

Uongo umeshatoka, sasa lazima ulishwe. Mdogo anamtuma kijana Wete kwa daladala na fedha za mkaa. Kijana anarudi na pweza mdogo kama kiganja, na mkaa hakuna. Mama, chini ya kitanda chake, ana pweza mkavu aliyemweka akiba. Atamtoa, lakini kwa bei: friji lile wanalolitaka madada lisahauliwe. Wanakubali wakiwa wamenuna.

Saa saba, katikati ya haya, anaingia mtu wa makamo mwenye kanzu iliyokunjamana kwa safari. Anakaa meza ya mlangoni. Mama hamjui. Anamtolea macho, anamtazama, anaitazama kanga kwenye kiti. Mtu yule ana adabu zake. Anainuka, anaomba radhi, anajibanza kwa wazee wa kahawa. Anaagiza muhogo wa nazi na kipande cha samaki, anakula akitabasamu peke yake, anawalipia wazee wote kahawa, anaaga, anakwenda zake.

Jikoni wanangoja mgeni. Pweza ameiva, amepoa, amepashwa. Saa tisa simu inalia. Kaka, kwa sauti ya furaha: mgeni wake kasema tangu aondoke Pemba hajala kitu kitamu kama kile. "Mlimpikia na nini?" Kimya. Wazee wa kahawa wanatazama dari. Mama anajivutia sahani ya pweza, mezani kwake, anasema bismillahi.

Hakuna kitu hapo kilichodondoka kutoka mbinguni. Maji mafu, simu ya saa ya wateja, meza ya Mama, mdomo wa Mdogo: vyote mtazamaji alivijua kabla ya sehemu kuanza. Jipime hivyo. Kila kizuizi unachoweka, uliza kimetoka wapi. Kikiwa kimetoka kichwani mwako dakika hii kwa sababu umekwama, kifute.

Usemi na mavazi

Waache waseme kama watu wanavyosema hapa. "Kaja", "kenda", "kala" vinatosha kumweleza mtazamaji yuko wapi. Hakuna haja ya kumpa kila mhusika lafudhi nzito kama ya mtu anayemwigiza Mpemba kwenye jukwaa la mjini. Baraza la Kiswahili Zanzibar, BAKIZA, limetoa kamusi ya lahaja ya Kipemba, itafute. Ila kamusi bora ni yule mwanamke anayeuza vitumbua pembeni ya mkahawa. Mpelekee maneno yako uyasome kwa sauti. Akikuuliza "Nani husema hivyo?" rudi nyumbani ukaandike upya.

Wanawake wa mkahawa huu hawatagombana kwa kelele mbele ya wateja, na kanga itawasaidia. Dada Mkubwa akikasirika abadilishe kanga kati ya tukio na tukio, na kamera ipite polepole kwenye maandishi. Wifi yake akija siku ya pili na kanga ya kumjibu, umepata mazungumzo ya dakika nzima bila mtu kufungua mdomo. Mtu wa mavazi afanye kazi na mwandishi, asiachiwe aokote kanga yoyote.

Mganga mwache. Kila anayekuja Pemba kupiga picha anatafuta uchawi. Umeshatafunwa mpaka hauna ladha. Na usitegemee sura ya mwigizaji. Mzee Majuto, mtu wa Tanga, ng'ambo tu ya bahari yetu, aliyefariki Agosti 2018, aliweza kuchekesha akiwa amekaa tu. Mwigizaji wako bado, na wewe bado. Mpe sababu ya kuwa pale.

Siku ya kupiga picha

Kuhusu vibali, Zanzibar kazi hizi husimamiwa na Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Kaulize utaratibu kabla hujakodi chochote.

Omba mkahawa wa kweli baada ya chakula cha mchana, wateja wakishapungua. Adui wako mkubwa ni sauti. Friji linanguruma, feni inalia, bodaboda haziishi. Lizime friji, na funguo za pikipiki yako uzitie ndani yake, hutaondoka ukasahau kuliwasha na kumwozeshea mtu samaki. Mafuta yakikaanga hufunika maneno yote, kwa hiyo piga picha ya kukaanga peke yake, mazungumzo yafanyike jiko likiwa kimya, sauti ya kaango iongezwe baadaye. Panga mapumziko kwa adhana, na nyakati zake uziandike kwenye ratiba tangu jana yake.

Chakula kihesabu kwa mara utakazorudia. Tukio la kula ukilipiga mara saba, unataka sahani saba zinazofanana, na mwigizaji mwenye njaa ya kweli kwa mara tatu za mwanzo tu. Mwambie amege tonge dogo, aseme maneno yake, ndipo atie mdomoni. Matukio ya kula mchana usiyapange Ramadhani, hilo nadhani halihitaji maelezo.

Na usiandike sehemu hamsini. Fawlty Towers ya Uingereza, ile ya mume na mke na hoteli yao ya Torquay, ina sehemu 12 tu: 6 za mwaka 1975 na 6 za mwaka 1979, zilizoandikwa na John Cleese na Connie Booth. Anza na sita.

Siku ya nane, kabla hujaandika tukio la kwanza, nenda kwa mwenye mkahawa umlipe chai zote ulizokunywa. Mimi sikufanya hivyo, na mpaka leo nikifika Chake Chake napita njia ya nyuma.